Mistari ya Kulala ya Iside Vaccari

Ukurasa wa thelathini na nane wa katalogi ya mnada ule ulikuwa na uongo, na aliyeuandika alilipwa kwa kuuandika. Naanza hapo kwa sababu mimi si mtu wa kuzunguka. Nina miaka themanini na mmoja, nimechonga vyuma hapa Modena tangu nina miaka kumi na minne, na daktari ameniambia nisikasirike kwa ajili ya shinikizo la damu. Lakini ukurasa ule niliusoma mara tatu, na mara ya tatu niliitupa katalogi nzima ukutani. Kisha nikaenda kuiokota, maana haikuwa yangu.

Ilikuwa ya shemeji yangu Iside Vaccari, dada wa marehemu mke wangu Vanna. Mimi na yeye tunakaa jengo moja, yeye ghorofa ya pili, mimi ya tatu, na kila Jumapili namshukia kula. Ukurasa wenyewe ulisema hivi: "Ardizzoni Falena, mwaka 1966, kijani cha chupa. Gari hili lina nyongeza adimu kuliko zote zilizowahi kutoka kiwandani: viti vyenye mistari ya kulala, vilivyotengenezwa kwa agizo maalumu la wateja watatu tu, watu wenye jicho la pekee. Ubunifu na kazi ya fundi mkuu Learco Gobbi."

Jicho la pekee! Hakukuwa na agizo. Hakukuwa na wateja watatu. Kulikuwa na kipande cha kadibodi, msumari ukutani, na mwanamume mmoja mwoga. Na kulikuwa na msichana wa miaka ishirini na miwili aliyefukuzwa kazi mbele ya wenzake kwa sababu ya mistari hiyo hiyo.

Iside aliingia chumba cha kushonea cha kiwanda cha magari cha Ardizzoni akiwa na miaka kumi na mitano. Walikuwa wanawake kumi na wawili, kila mmoja na cherehani yake, na mkuu wao alikuwa Learco Gobbi, mtu aliyevaa koti jeupe kama daktari na ambaye hakuwahi kushona hata kifungo. Kazi yake Learco ilikuwa kupokea michoro kutoka kwa wabunifu wa Torino, kuifungia kabatini kama siri ya nchi, na kukata vipimo vya kadibodi kwa ajili ya washonaji. Kwenye kadibodi hapakuandikwa kitu. Ilitobolewa tundu ukingoni, ikatundikwa kwenye msumari juu ya cherehani, na palipo na tundu ndipo juu. Hivyo ndivyo zilivyofanya kazi karakana zote za kwetu, na hakuna aliyeuliza, kama vile hakuna anayeuliza mlango wa nyumba yake unafungukia upande gani.

Sasa, kipande cha mgongo wa kiti cha Falena kilikuwa karibu mraba kamili. Ukikigeuza, hujui umekigeuza. Juu yake ilipita mistari iliyojazwa sponji, minene kama kidole, ambayo washonaji waliiita kaneloni, na mchoro ulitaka isimame. Lakini mwezi wa tatu wa mwaka huo wa sitini na sita maonyesho ya magari ya Geneva yalikuwa mlangoni, magari matatu yalitakiwa haraka, na Learco alikuwa ameimwagia kadibodi kahawa yake mpaka ukingo wa juu ukalowa na kuchanika. Akatoboa tundu ubavuni. Alijiambia, bila shaka, kwamba atawaambia. Hakuwaambia.

Iside alishona migongo sita kwa siku mbili. Viti vilipofungwa garini, mbunifu alifika kutoka Torino, akaangalia, akapiga kelele zilizosikika mpaka barabarani. Mistari imelala! Learco akageuka kuitazama ile kadibodi ukutani, na Iside akamwona anavyoitazama. Akaiondoa, akatoka nayo. Baada ya chakula cha mchana ilirudi ukutani na tundu jipya mahali pake, na ukingo wa ubavuni umekatwa kwa mkasi.

"Nani ameshona hivi?" akauliza Learco, kama mtu asiyejua.

Wanawake kumi na mmoja walitazama sindano zao. Wote waliliona lile tundu la kwanza. Siku zile bosi alikufukuza kwa kidole tu, na kila mmoja alikuwa na watoto au mama mgonjwa. Iside akainua mkono, na Learco akatoa kalamu, akaandika kwenye kitabu chake cha kazi: "Amefukuzwa kwa uzembe. Ameshona mistari upande usio wake." Akatia sahihi. Magari yakaondoka hivyo hivyo kwa sababu lori lilikuwa linasubiri, na huko Geneva hakuna mtu aliyejali mistari imelala au imesimama. Yakauzwa. Falena zote zilizofuata zilishonwa kwa mistari ya kusimama.

Mimi nilikuwa karakana ya vyuma, hatua sitini kutoka pale. Nilikuwa nimemchumbia Vanna tayari. Habari zilinifikia wakati wa chakula, na nikamaliza supu yangu. Nina hasira na Learco Gobbi mpaka leo, lakini na ile supu pia nina hasira nayo.

Kitabu cha kazi, kwa wasiokijua, ndicho kitu cha kwanza alichokuomba mwajiri. Iside alikipeleka karakana saba, na kote huko walikisoma, wakamrudishia kwa adabu. Basi akashonea nyumbani. Alishona aproni za wachinjaji, mapazia, kanzu za mapadri, makochi. Msimu wa cheri alikwenda kuchuma huko Vignola kwa malipo ya siku. Kochi langu alilishona mwaka sabini na nne; tumelala juu yake, tumegombana juu yake, paka watatu wamezalia juu yake, na hakuna mshono uliowahi kuachia. Hakuolewa, na wala si kwa sababu ya viti. Alisema wanaume wa kwetu wanakoroma na wanataka kusifiwa kwa kukoroma.

Lakini mji ni mdogo na midomo ni mingi. Miaka na miaka, dukani, kwenye dansi, hata msibani, palitokea mjinga mmoja wa kumwuliza: "Vipi Iside, mistari yako imeamka leo?" Watu wakacheka. Naye alijibu kila mara vilevile: "Imeamka, inamuulizia mama yako." Wakacheka zaidi. Mimi nilijua hakuwa anacheka. Kila mwezi wa tano, magari ya zamani yalipopita mjini kwa msafara na watu wote tukatoka kuyapungia mkono, yeye aliipa barabara mgongo na kuchambua maharage.

Mwezi wa pili mwaka huu, saa nne asubuhi, Tiziano Gobbi akagonga mlango wake. Nilikuwepo, nilikuwa natengeneza bomba la jikoni. Huyu ni mtoto wa Learco, ana miaka sitini hivi, na watu wanamwita Dokta kwa sababu anatoa vyeti vya magari ya zamani. Akisema skrubu ni ya mwaka fulani, skrubu ni ya mwaka huo. Alikuwa na skafu ya hariri na viatu visivyovaliwa na soksi, katika baridi ile.

"Bibi Iside! Hujambo mama yangu? Mimi Tiziano, mtoto wa marehemu—"

"Najua wewe mtoto wa nani. Pua yake hiyo umeibeba. Kaa."

Akakaa. Shemeji hakumpa kahawa. Kwetu hata mtu wa kodi anapewa kahawa, kisha ndipo anatukanwa. Nikaelewa kuwa hali ni mbaya, nikaacha bomba livuje.

Akaweka katalogi mezani na kuanza kueleza. Wakusanyaji wa siku hizi, alisema, hawanunui gari tu. Falena ziko arobaini na kitu duniani, kila tajiri anaweza kupata moja. Wanachotafuta ni kile ambacho mwenzake hana: redio yenye vitufe vya pembe, saa ya dashibodi yenye uso mweusi, masanduku ya ngozi yaliyokatwa kuingia nyuma ya viti. Na juu ya yote, viti vya mistari ya kulala, ambavyo vipo katika magari matatu tu, na moja liliungua huko Ureno.

"Kwa viti hivyo peke yake," alisema, "bei inapanda kwa thamani ya jengo hili lote, mama. Jengo lote!"

"Na mimi nahusika nini na jengo?"

"Katika wale washonaji kumi na wawili umebaki wewe tu. Nakuomba Jumamosi uje mnadani. Upigwe picha kidogo na gari, uwaambie watu kwamba viti hivi unavikumbuka, kwamba ulimwona baba akivishona."

"Nilimwona baba yako akishona?"

"Ndiyo, mama."

"Baba yako hakujua kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Akijikwaruza kidole alikuwa anaita padri."

Tiziano akacheka cheko lile la watu wanaotaka kitu. "Basi akisimamia, tuseme. Akibuni. Si unajua wakubwa wale walivyokuwa?"

Mimi nilikuwa nimeshika spana. Naapa ningeitumia. Lakini shemeji akanitazama, kisha akamtazama yeye, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nitakuja. Ermes huyu atanileta."

Tiziano alipoondoka nikamrukia shemeji. "Shemeji, umerogwa? Unakwenda kupiga picha na uongo ule? Mtu kakuvua nguo mjini, sasa unakwenda kumfulia?"

"Nyamaza kwanza, Ermes. Unapiga kelele kama umekatwa mkia."

Akavuta droo ya kabati, akatoa kile kitabu cha kazi, rangi imepauka, akakiweka juu ya ukurasa wa thelathini na nane.

"Kadibodi haipo," akasema. "Wenzangu wote wamekufa. Nikisimama kusema, watasema kizee kimechanganyikiwa, kipewe maji kikalale. Kwa hiyo simtaki mtu wa kuniamini mimi. Nataka aseme yeye. Kwa mdomo wa Gobbi, mbele za watu: Iside hakukosea. Nina miaka sabini na tisa, sitaki kuingia kaburini na neno uzembe."

"Na utamfanyaje aseme?"

"Hilo niachie. Wewe angalia tu gari lako liwe na mafuta."

Jumamosi ile mnada ulikuwa kwenye jumba moja kubwa nje ya Formigine, nyumba ya kikabaila yenye mierezi na changarawe. Kigari changu walituambia tukiegeshe nyuma, karibu na mapipa ya taka, kisiharibu mandhari. Nikawaambia neno moja ambalo sitaliandika. Ndani ya ua yalipangwa magari kumi na tisa, mengine nimeyachongea vyuma kwa mikono yangu, na kuzunguka kila gari walijaa watu wenye tochi ndogo.

Ni watu wa ajabu wale. Mmoja, daktari wa meno kutoka Bergamo aitwaye Brambati, alikuwa na magari kumi na manne na hakuna hata moja lililowahi kuona mvua. Tulimkuta amelala chali chini ya ile Falena ya kijani, juu ya shuka jeupe alilokuja nalo, akihesabu ribiti.

"Vishikio vya dirisha ni vya toleo la kwanza au la pili?" akauliza sauti ikitoka chini.

"La pili," akajibu mwenzake aliyesimama.

"Yesu na Maria! Na jeki?"

"Jeki ni yenyewe. Ila spana ya kumi na nne haipo."

"Mimi ninayo moja. Nimeitafuta miaka tisa. Mke wangu aliondoka mwaka wa sita."

"Ukaipata wapi?"

"Mke?"

"Spana, Brambati!"

Walicheka, na mimi ningecheka pia siku nyingine. Lakini nilikuwa nikifikiri: mtu anaweza kutafuta spana moja miaka tisa, akavuka mipaka, akaandika barua mia, na katika miaka hamsini na saba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutafuta aliyeshona viti. Wanajua namba ya kila boliti. Wanajua siku ya wiki gari lilipotoka getini. Jina la mtu aliyelishona hawalijui, na hawakuwahi kuliuliza. Nikahisi damu inapanda shingoni, nikakumbuka onyo la daktari wangu, nikawaacha na mazungumzo yao.

Shemeji alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari. Viti vilikuwa vya ngozi ya rangi ya asali iliyoiva, imechakaa vizuri, na mistari imelala kuvuka mgongo, tisa kwa kila kiti. Aliweka kiganja juu yake. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mshono, polepole, akihesabu. Mishono minane kwa kila urefu wa kidole gumba, yote sawa, hakuna uliopotoka. Nimeishi naye jengo moja muda mrefu na sijawahi kumwona akiwa na uso ule. Ulikuwa uso wa mtu anayetazama kitu kizuri alichokifanya yeye na akanyimwa.

Tiziano akaja na wapiga picha wawili na msafara wa watu, skafu ya siku hiyo ilikuwa nyekundu. Akapiga makofi ili wamsikilize.

"Mabibi na mabwana, baba yangu alikuwa na ndoto. Wakati wengine wote walisimamisha mistari, yeye alithubutu kuilaza. Na leo tunaye shahidi wa mwisho wa ndoto hiyo, mama yetu mpendwa Iside!"

Wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Tiziano akamwambia aketi garini kwa ajili ya picha, na shemeji akauliza kwa upole, "Naweza kupiga magoti humu? Mgongo wangu hauwezi kuinama." Akajibiwa bila shaka, mama, jisikie nyumbani. Akapanda kwa magoti akielekea kiti, akafungua mkoba, akavaa miwani. Kisha akatoa kisu kidogo cha kufumulia nyuzi, chenye ncha iliyopinda, akakiingiza chini ya mshono wa mstari wa juu kabisa, akakata. Kilisikika, kwa sababu watu wote walikuwa kimya wakisubiri picha. Akakata wa pili, wa tatu.

Mlio aliotoa Tiziano siwezi kuueleza. Brambati alijaribu kuinuka akiwa bado chini ya gari na akagonga kichwa.

"Bibi! Bibi Iside! Unafanya nini?"

"Narekebisha," akasema, bila kugeuka. Akakata wa nne.

"Mtoeni! Jamani, mtoeni!"

Walinzi wawili wakasogea, wakasimama. Hakuna aliyetaka kuwa yule atakayemvuta mkono kikongwe mwenye kisu, kikateleza juu ya ngozi ile. Dalali wa mnada, mtu mrefu mwenye kengele ndogo mkononi, alianza kusema habari ya kuita polisi wa karabinieri, kisha akawaona waandishi wawili wa magazeti ya magari wakitoa simu zao, akanyamaza.

"Ermes," akasema shemeji, "kitabu kiko mkobani. Wasomee."

Nikakitoa. Nikasoma kwa sauti ya karakana, ile ya kushinda mashine: jina lake, tarehe, na yale maneno. Amefukuzwa kwa uzembe. Ameshona mistari upande usio wake. Learco Gobbi. Kisha nikachukua katalogi kutoka mkono wa bibi mmoja aliyekuwa karibu, nikasoma na ukurasa wa thelathini na nane, sahihi ya Tiziano Gobbi chini yake. Nikaviweka vyote viwili juu ya boneti, kimoja kando ya kingine. Watu wakasogea kuangalia, na zile tochi zao wakazielekeza huko.

"Haya, mtoto wa Learco," akasema shemeji. "Kazi ni hii moja. Baba yako ameandika ni makosa. Wewe umeandika ni maajabu. Kama ni makosa, kaa kimya, kaa hapo na skafu yako, mimi nimalize. Mpaka jioni nitakuwa nimevisimamisha viti vyote viwili kama mchoro ulivyotaka, bure. Kama si makosa, sema."

"Mama, tafadhali, haya tunaweza kuyazungumza ofisini—"

Akakata wa tano.

"Sema basi, Gobbi!" Brambati alifoka, ametoka chini ya gari, ameshika kipaji cha uso. "Sema chochote! Anafumua mstari!"

"Lakini si hivi, si mbele za—"

Akakata wa sita.

"Si makosa!" Tiziano alipiga yowe. "Si makosa! Mungu wangu, kazi ni kamili, haina dosari, usiguse tena!"

"Kazi ya nani?"

"Ya baba—" Kisu kikasogea. "Yako! Yako wewe! Wewe ndiye uliyeshona!"

"Na tundu?"

"Tundu gani?"

Shemeji sasa aligeuka, kwa mara ya kwanza, bado yupo magotini, na akamtazama juu ya miwani. "Tundu la kadibodi. Alilotoboa ubavuni kwa sababu alimwaga kahawa. Baba yako alikuambia au hakukuambia?"

Nilidhani atakana. Nilitamani akane, ili angalau iwe kwamba hakujua. Lakini alikuwa amechoka ghafla, mabega yamemshuka, na nadhani hakuwa na nguvu ya kutunga uongo mwingine haraka kiasi hicho.

"Aliniambia," akasema. "Hospitalini, wiki ya mwisho. Alisema nikutafute."

"Lini?"

"Mwaka elfu mbili na nne."

Hapo ndipo nilipopoteza kila kitu daktari alichoniambia. Miaka kumi na tisa! Miaka kumi na tisa alijua, akikaa dakika ishirini kwa baiskeli kutoka mlangoni kwetu, na badala ya kuja na neno moja alikaa akingoja bei ipande. Nilimwita majina yote ninayoyajua kwa lugha ya nyumbani na mengine niliyatunga palepale. Mwandishi mmoja aliniomba niyarudie polepole. Shemeji akaniambia inatosha, nikanyamaza, lakini nilibaki nikihema kama nimepanda ngazi.

Akashuka garini. Akachukua kile kitabu cha kazi, akakifungua kwenye ukurasa uleule, akamwekea Tiziano juu ya boneti na kumpa kalamu yake mwenyewe. Chini ya maandishi ya baba yake palikuwa na nafasi ya mistari miwili.

"Andika."

Akaandika: "Iside Vaccari hakukosea. Kosa lilikuwa la Learco Gobbi." Akatia sahihi, na dalali akapanda jukwaani kabla ya mnada kuanza, akasoma sahihisho la ukurasa wa thelathini na nane kwa kipaza sauti, jina la Iside lote na la ukoo. Shemeji alisikiliza amesimama wima, mkoba ameubana kwapani. Alipomaliza kusomewa aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama anayepokea chenji sahihi dukani.

Tulikuwa tumefika kwenye ngazi za kutokea ndipo Tiziano akaja mbio, skafu imemfunguka. Nyuma yake alikuja Brambati na uvimbe wake.

"Bibi Iside, nakuomba. Nimesema. Nimeandika. Mishono sita tu imefumuka, nyuzi zinaning'inia, gari linapanda jukwaani baada ya robo saa. Hapa hakuna mtu mwingine mwenye mkono ule. Rudi uishone, nakusihi, dakika tano tu."

Shemeji alivua miwani, akaikunja, akaitia mkobani pamoja na kisu.

"Miaka hamsini na saba mmenisema kwa kosa ambalo sikulifanya," akasema. "Pale sasa pana kosa. Lile ni langu. Liandike kwenye katalogi."

Akashuka ngazi bila kunishika mkono. Nilipofungua mlango wa kigari changu pale kwenye mapipa, tulisikia kengele ya dalali, na sauti yake ikianza kutaja mamilioni. Nikamuuliza kama angependa tusubiri tusikie limeuzwa bei gani.

"La nini?" akasema, akifunga mkanda. "Washa gari, Ermes."